Uzi: Darasa la kwanza hadi la tatu, kompyuta hakuna, na somo la kompyuta linafundishika

ChakiNyeupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, mkoa wa Singida, nafundisha darasa la pili na la tatu. Kila hoja ya kuwafundisha watoto wadogo kompyuta ikiletwa humu inaishia palepale: umeme hakuna, kompyuta hakuna, mods funga uzi. Leo naomba tuiangalie kwa upande mwingine. Ninachosema ni hiki: kwa mtoto wa miaka saba hadi tisa, sehemu kubwa ya somo hili haihitaji mashine kabisa. Na pale mashine ilipokuwepo lakini sehemu hiyo haikuwepo, mtoto alitoka mikono mitupu.

Tunachokijua wote ni hiki. Mwalimu anachora kompyuta ubaoni. Mshale, skrini. Mshale, kibodi. Mshale, kipanya. Mshale, CPU. Watoto wananakili, wanakariri, wanafanya mtihani. Aliyepata kumi kwa kumi hajagusa hata kimoja kati ya hivyo, na hajui mashine hiyo inafuata maagizo kwa namna gani. Skrini pekee anayoijua ni ya simu ya mama yake, na haina kipanya.

Mimi naanza na mchezo wa roboti. Nachora mraba uwanjani kwa kijiti, vyumba vitano kwa vitano. Chumba kimoja naweka kopo, viwili vitatu naweka tofali. Mtoto mmoja ni roboti, na roboti anaelewa maneno matatu tu: MBELE, GEUKA KULIA, GEUKA KUSHOTO. Lingine lolote halijui, hata umbembeleze. Wenzake wanakaa chini na kuandika amri zote kwenye karatasi kabla roboti hajanyanyua mguu. Hapo pa kuandika kwanza ndipo somo lilipo. Ukiwaacha waelekeze papo hapo, "njoo, njoo, hapana rudi", mchezo unakuwa wa kumwongoza aliyefungwa kitambaa machoni, wanafurahi na hawajifunzi kitu.

Mwanzoni kosa huwa lilelile, kulia na kushoto. Roboti akiwageukia waandishi, kulia kwake ni kushoto kwao. Anagonga tofali, darasa linaangua kicheko, lawama zote kwa roboti. Nawaambia roboti kafanya alichoambiwa, tafuteni mstari. Wanapita na kidole: wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu... hapa! Wanabadilisha mstari ule mmoja, karatasi nyingine inabaki vilevile. Kwangu hilo ndilo la thamani kuliko yote. Mtoto wetu akikuta alama ya kosa kwenye daftari hufuta hesabu nzima na kuanza upya, au anasubiri majibu ya jirani. Waliozoea mchezo huu wanaanza kutafuta palipoharibika, na nimeliona hilo likihamia kwenye hesabu za kutoa kwa kukopa bila mimi kusema neno.

Baada ya muda wanachoka kuandika MBELE MBELE MBELE MBELE, na wenyewe wanauliza kama inaruhusiwa kuandika "MBELE mara 4". Ruksa. Hapo wameshaingia kwenye kitanzi, yaani agizo la kurudia, ambacho waandishi wa programu wanakitumia kila siku, na sikuwa nimewatajia.

Mchezo wa pili hauhitaji hata uwanja. Nina namba kichwani kati ya 1 na 100, niulizeni, nitajibu ndiyo au hapana tu. Wanaanza: ni 7? ni 23? ni 40? Mpaka mmoja anauliza, "Ni zaidi ya 50?" Kuanzia hapo wanakata nusu, wanakata nusu tena. Ukikata vizuri kila mara, maswali saba yanatosha kwa namba yoyote. Kompyuta hutafuta jina kwenye orodha iliyopangwa kwa njia hiyohiyo.

Wa tatu ni kadi za nukta, huu ni wa darasa la tatu. Watoto watano wamesimama mbele, kadi zina nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Kadi ikionyeshwa inahesabiwa, ikigeuzwa haihesabiwi. Nipeni 9. Nipeni 21. Kubwa kabisa ni ngapi? 31. Kompyuta huandika namba kwa njia hiyohiyo, kila nafasi ina hali mbili tu. Sijauvumbua mimi, umetokana na kazi ya Tim Bell na wenzake, Chuo Kikuu cha Canterbury huko New Zealand, ambao wamekuwa wakikusanya michezo ya kufundisha kompyuta bila kompyuta tangu miaka ya 1990, na wanaitoa bure.

Nawasilisha. Wanaopinga karibuni, waliojaribu karibuni zaidi.

MkongweWaChaki

Mwalimu mwenzangu, umeandika vizuri, ila nitakuwa mchawi wa uzi huu. Darasa langu la kwanza lina watoto zaidi ya mia. Kuna wanaoingia la tatu hawawezi kusoma jina la shule yao wenyewe pale getini. Mwaka 2015 mtaala wa la kwanza na la pili ulipunguzwa ukaelekezwa kwenye KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) kwa sababu hiyohiyo, masomo yalikuwa mengi na watoto hawasomi. Sasa tunaanza tena kuongeza kidogo kidogo. Leo roboti, kesho ujasiriamali, keshokutwa akili bandia. Hicho kipindi cha uwanjani unakitoa wapi?

Na vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, unajua vinafanya kazi gani. Kujaza taarifa za ofisi.

ChakiNyeupe

Mzee wangu shikamoo, swali lako ni la haki. Kipindi sijaongeza. Zile amri nimeziandika kwenye kadi, na ndizo kadi zangu za kusoma. Mtoto anayesuasua kwenye GEUKA anaisoma mara nyingi sana kwa sababu roboti amesimama anamsubiri, na wenzake wanapiga kelele. Kubahatisha namba nimekuweka ndani ya Kuhesabu, tunapofika kulinganisha namba kubwa na ndogo. Siku nikilazimika kuchagua kati ya roboti na mtoto kujua kusoma, nachagua kusoma, hilo hatubishani.

Zaidi ya mia kwa mwalimu mmoja ni janga, na hakuna mbinu itakayolifuta. Ninachofanya mimi ni kuchora miraba mitano sita na kuwaazima watoto wa darasa la sita wawe wasimamizi, kila mraba mmoja. Wanajiona walimu wakuu.

wa_Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Mwalimu, ile sentensi yako ya mashine kuwepo na mtoto kutoka mikono mitupu, sisi huku tuliilipia kodi.

Kampeni ya 2013 iliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikafutwa, mambo yakakwama, na vifaa vilipoanza kufika shuleni 2016 vilikuwa tableti. Nitasema haki: vifaa zaidi ya milioni moja vilisambazwa kwa shule za msingi za umma zaidi ya elfu ishirini, pamoja na projekta na seva ndogo yenye masomo ndani, na viliunganishwa hapahapa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta wakishirikiana na kampuni za nje. Shule nyingi ziliona stima kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mradi ule. Si kidogo.

Lakini njoo shule niliyokuwa nafundisha. Tableti zilifika na makaratasi ya kutia sahihi, na aliyetia sahihi ni mwalimu mkuu. Ikipotea moja, ni yeye. Basi akatengeneza mlango wa chuma, madirisha yakawekwa vyuma, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Kutoa tableti ilikuwa kama kuomba kuona maiti. Darasa la kwanza lile likapanda hadi la nne, vifaa bado vinang'aa. Betri zilikufa bila kutumika.

Aliyefaidi ni mwalimu mmoja wa gredi ya pili ambaye hakujali zile programu za masomo. Alitoa tableti chache, akawaambia watoto wapige picha majani ya aina mbalimbali kwenye kiwanja, kisha wayapange kwa umbo, kisha kila kikundi kirekodi sauti kikieleza kwa nini jani hili limewekwa hapa. Watoto walijifunza kupiga picha, kuhifadhi, kutafuta faili, kufuta, na wakabishana kuhusu majani muda wote. Hiyo CBC yetu, mtaala wa umilisi, inataja ujuzi wa kidijitali kama mmoja wa umilisi saba wa msingi, na mimi nikiusoma ule mtaala huwa namkumbuka huyo mwalimu na majani yake.

MtotoWaMuheza

Mnazungumza kama vile Tanzania hatujawahi kujaribu. Jaribio kubwa lilifanyika kwetu Tanga. Shindano la XPRIZE la elimu lilitangazwa 2014, dola milioni 15 zikatolewa na Elon Musk. Washindani watengeneze programu ambayo mtoto anajifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Fainali zilifanyiwa majaribio vijijini Tanga kuanzia mwisho wa 2017, watoto karibu elfu tatu, vijiji kama 170, programu kwa Kiswahili. Tableti zilitolewa na Google, na kila kijiji kiliwekewa kituo cha kuchajia kwa jua kilichotunzwa na akina mama wa hapohapo.

Matokeo yalitoka 2019. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili, na asilimia 74 waliripotiwa hawajawahi kwenda shule. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ikashuka kwa nusu. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Programu za waliofika fainali ziliachwa wazi, yeyote anaweza kuzichukua. Kwa hiyo ChakiNyeupe, mashine peke yake nayo ilifanya kitu.

MkongweWaChaki

Ilifanya nusu. Nusu nyingine, miezi 15 na tableti mkononi, hata neno moja. Mwalimu mwenye darasa linalotoa matokeo hayo angeitwa ofisini.

MtotoWaMuheza

Mzee, hao ni watoto ambao hakuna mwalimu aliyewafikia kabisa. Unalinganisha na nini?

MkongweWaChaki

Hapo umenibana kidogo. Kidogo.

ChakiNyeupe

Ndugu wa Muheza, umenisaidia kutenganisha mambo mawili ambayo humu huwa tunayachanganya. Kule Tanga kifaa kilikuwa chombo cha kufundishia kusoma na kuhesabu. Mimi nazungumzia mtoto kuelewa na kuamuru kifaa chenyewe. La kwanza linategemea sana kilichomo ndani ya mashine. Peru waligawa vipakatalishi vidogo vya mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto, vilevile walivyogawa jirani zetu Rwanda kuanzia 2008. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika uliotoka 2012 ulikuta, baada ya miezi kama 15, matokeo ya hisabati na lugha kule Peru hayajabadilika. Tanga programu ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto yule, kwa lugha yake, hatua kwa hatua. Peru kifaa kilitua na mengine yakaachwa yajitengeneze.

MgeniLeicester

Niko Uingereza, mwanangu ana miaka sita. England tangu Septemba 2014 walifuta lile somo la zamani la TEHAMA, lililokuwa zaidi la kuandika barua na kupanga slaidi, wakaleta somo la kompyuta lenyewe. Mtoto wa miaka mitano hadi saba anatakiwa ajue algoriti (mpangilio wa hatua za kufanya jambo) ni nini, aandike programu ndogo, atafute kosa ndani yake na kulirekebisha, na ajue taarifa zake binafsi hazimwagwi ovyo na amkimbilie nani akiona jambo la kumtisha mtandaoni.

Nilipokwenda siku ya wazazi nilitegemea kuona safu za kompyuta. Nikakuta watoto wamekaa sakafuni na kiroboti cha plastiki chenye umbo la nyuki, hakina skrini. Kina vitufe vya mbele, nyuma, kushoto, kulia. Unabonyeza mpangilio wote, kisha unabonyeza cha kuanza, kinatembea sentimita 15 kwa kila amri ya mbele au nyuma. Mwalimu kasoma uzi wa ChakiNyeupe nini? Tofauti ni kwamba nyuki yule ananunuliwa, roboti wa Singida anavaa kaptula ya bluu.

Msidhani huku mambo ni shwari. Walimu wengi wa msingi hawakusomea kitu hiki na wengine wanakiogopa mpaka leo.

MzaziMbezi

Jamani mimi ni mzazi tu, nisaidieni. Shule ya binafsi ya mwanangu, darasa la tatu, wameongeza ada ya kodingi. Mwisho wa muhula kaja na cheti kina picha yake na kofia. Nikamuuliza umetengeneza nini, akasema "gemu". Nikasema nionyeshe, akasema iko kwenye kompyuta ya ticha. Nitajuaje kama hela yangu inafanya kazi?

ChakiNyeupe

Dada, omba kitu kimoja: mtoto akae na gemu yake mbele yako, uiharibu, naye airekebishe. Ondoa kipande kimoja cha amri, au badilisha namba moja, kisha mwambie mhusika wa gemu hatembei tena, kwa nini? Akianza kupita kipande kwa kipande akitafuta, lipa ada bila kinyongo. Akibaki anamtazama ticha, basi alinakili hatua zilizokuwa ubaoni, na yeye ni mchapaji wa kazi ya mtu mwingine.

Nyumbani unaweza kumuwekea Scratch, programu ya MIT ya kutengeneza gemu na hadithi kwa kuunganisha vipande vya amri, ipo tangu 2007 na ni bure. Ina Kiswahili ndani, unabadilisha lugha tu kwenye mipangilio, na ipo ya kupakua ikatumika bila intaneti. Kama una mdogo wa miaka mitano hadi saba, kuna ScratchJr ya kishikwambi ambayo vipande vyake ni picha, haidai mtoto awe anajua kusoma. Hiyo ndiyo ninayotumia kwenye kishikwambi changu na watoto wa la pili, wanne wanne. Mmoja anagusa skrini, mmoja anasema amri, wawili wanaangalia makosa, na wanabadilishana kila hadithi ikiisha. Bila sheria hiyo, wavulana wawili wenye viwiko vikali wanamiliki kifaa hadi kengele ya kwenda nyumbani na wasichana wanabaki kuchungulia. Nimewahi kugawa vikundi kwa jinsia na mambo yakatulia, ingawa najua wapo wasiokubaliana na hilo.

FundiRisiva

Naongeza la ufundi halafu nakaa pale nasoma. Shule zikipewa kompyuta za mtumba, kabla ya kuimba na kucheza ulizeni vitu vitatu: zinakula umeme kiasi gani, nani atazifungua kupuliza vumbi, na fedha ya umeme wa LUKU inatoka fungu gani. Nimeona maabara za kompyuta zilizofungwa kwa sababu ya la tatu peke yake. Mkiwa na kompyuta moja nzima, iwekeeni Kolibri au Kiwix, programu za kuhifadhi masomo na vitabu vya kusomwa bila intaneti, iunganisheni na ruta ndogo ya waifai, vifaa vyote vya jirani vinasoma humo bila bando. Moja inayowaka inashinda ishirini za kupigia picha na mgeni rasmi.

ChakiNyeupe

Fundi ubarikiwe. Kabla sijalala niseme kuhusu simu, maana watu wanafikiri usalama wa mtandaoni ni somo la sekondari.

Niliuliza darasa la pili: nani anajua namba ya siri ya pesa ya mama au baba? Mikono ikapanda, na kabla sijawazuia mmoja akaanza kuitaja kwa sauti. Wanatumwa dukani na simu, wanatumwa kwa wakala, wanaijua. Sikuwagombeza. Tulicheza hivi: kila kikundi kilitunga namba ya siri ya kufungulia sanduku la chaki, nikawapa vikundi vingine nafasi ya kubahatisha. 1234 ilidondoka papo hapo. Mwaka wa kuzaliwa wa kiranja ukafuata. Tukakaa tukajadili ipi iliyosumbua na kwa nini.

Siku nyingine nilileta ujumbe mfupi niliouandika kwenye manila: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Walicheka, wanaujua kuliko mimi. Nikauliza, anayeandika hivi anajuaje kama unadaiwa? Mtoto wa miaka minane akajibu, "Hajui, ametuma kwa watu wengi, anasubiri mmoja aliyekuwa anadaiwa kweli." Mimi ningeshindwa kueleza vizuri kuliko hivyo.

Picha nazo. Sheria ya darasa langu ni kwamba hakuna kumpiga mwenzako picha kabla hajakubali, na hiyo inanihusu hata mimi. Na namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, imeandikwa juu ya ubao kwa rangi, wanaijua kama wanavyojua wimbo wa taifa. Kenya nao wanatumia hiyohiyo.

MkongweWaChaki

Hilo la namba ya siri nalichukua, kesho nafanya. La roboti bado nalitafakari.

TichaKasulu

Mwalimu, Kasulu huku mvua zikianza uwanja ni tope kwa miezi. Nina watoto 90, chumba kimoja, madawati yamebanana, hakuna pa kuchora mraba wala pa kupita roboti. Nafanyaje?

ChakiNyeupe

Hamishia kwenye daftari. Kila dawati lichore mraba wa vyumba vitano kwa vitano kwenye ukurasa mmoja, roboti ni kizibo cha soda, vikwazo ni mbegu za mahindi. Kwenye kizibo chora mshale kwa kalamu ili wajue kimetazama wapi, ukisahau mshale kulia na kushoto vitawavuruga siku nzima. Dawati A linaandika amri, linapeleka karatasi dawati B, na B wanaendesha kizibo kimya kimya bila kuuliza chochote kwa A. Kikigonga mahindi, karatasi inarudi kwa A na alama kwenye mstari waliouona una tatizo. Anza na vyumba vitatu kwa vitatu kwanza kwa wale wa la kwanza, na amri ya MBELE na GEUKA KULIA tu. Kushoto waongezee wakishazoea. Hata bila hiyo wanaweza kufika popote kwa kugeuka kulia mara tatu, na waache walione hilo wenyewe.